Pax au pacem?
Ndugu, umeuliza kwa nini neno la Kilatini "pax" (amani) linageuka "pacem" kwenye "dona nobis pacem" (utupe amani), na c hiyo isomwe k au ch. Neno ni lile lile. Shina ni pac-; likiwa kiima huongezewa s, nalo linaandikwa pax, maana x ni k na s tu. Lakini hapo amani ndiyo inayoombwa, yaani yambwa, basi linachukua -em. "Ya amani" ni pacis. Matamshi: Warumi wa enzi za Cicero, msemaji maarufu wa Roma ya kale, walitamka "pakem", a ikivutwa. Kanisani, kwa desturi ya Roma, ni "pachem". Mkazo uko kwenye pa, kama Kiswahili kingeuweka. Kwaya yenu iimbe "pachem" bila wasiwasi.