Besi Nne Chumba Kimoja: Maswali Yenu Kuhusu Kupiga na Kusikiliza

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wapiga besi, gitaa la sauti nzito, na karibu kila moja inamlalamikia mtu mwingine: mpiga kinanda, mzee wa bendi, rafiki mwenye ampu (kikuza sauti) kubwa. Nimefupisha maswali, nikaondoa majina.

*Mwalimu, tuko vijana wanne hapa Kondele, sote wapiga besi wa bendi tofauti. Siku ambazo hatuna kazi tunakutana kwa chumba cha mmoja wetu tupige jemu, yaani kupiga pamoja bila mpango. Mwanzo huwa mtamu, halafu inageuka ngurumo tupu. Kila mtu anaongeza sauti ndio ajisikie. Ama besi hazifai kupigwa pamoja?*

Zinafaa sana. Mwaka 2008 Wamarekani watatu, Stanley Clarke, Marcus Miller na Victor Wooten, wote wapiga besi, walitoa albamu nzima pamoja. Isikilizeni mkiangalia jambo moja tu: nani yuko chini, nani yuko juu, na wanabadilishana lini.

Shida yenu iko chini, pale nyote mmekaa. Uzi mzito wa besi ukipigwa wazi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Huko chini sikio halina uwezo wa kutenganisha noti mbili zilizokaribiana. Mmoja akipiga E ya chini na mwingine G-sharp iliyo karibu nayo, kwenye gitaa la solo ungesikia kodi tamu (noti zinazolia pamoja), lakini kwenye besi unasikia tope. Ipandishe hiyo noti ya pili juu na tope linakwisha. Jaribuni hivi: mmoja apige G kwenye freti (vile vyuma vya shingoni) ya tatu ya uzi mzito, mwenzake apige B kwenye freti ya nne ya uzi mwembamba. Zimeachana vya kutosha, na kila moja inasikika.

Basi gawaneni. Hamna haja ya kutafuta mfano Marekani, upo hapo Kakamega. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka, ina ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Hakuna anayeshangaa kwa nini ile kubwa haipigi mapigo ya ile ndogo. Kwa hivyo mmoja wenu akae chini, noti chache, ndefu, asitangetange. Wa pili akae katikati na noti zile za kupandishwa nilizotaja. Wa tatu alaze kiganja kwenye nyuzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa, apige mapigo makavu mafupi kama ngoma, maana hamna dramu.

Na wa nne? Wa nne anyamaze. Besi iwe mapajani, mikono isiiguse. Duru (mzunguko mzima wa kodi za wimbo) zikizunguka mara kadhaa simamisheni, mwambieni aeleze alichosikia: nani alikimbia, nani alirudia kitu kizuri, pengo liko wapi. Kisha achukue nafasi ya wa kwanza na kila mtu asogee. Najua mtaanza kwa kuvutana kuhusu nani anyamaze, lakini nimeona vikundi vikibadilika kwa jambo hili kuliko kwa mazoezi yote ya vidole. Mtu mwenye zamu ya kupiga husikiliza nusu tu, kwa sababu nusu nyingine inapanga atakachopiga baadaye.

Kuhusu ampu, anayeshindwa kumsikia mwenzake apunguze yake. Chumba nacho kina hila zake. Chumba cha urefu wa mita nne hivi hurundika sauti kwenye mitetemo 43 kwa sekunde, karibu kabisa na F ya chini. Aliyeegemea ukuta wa mwisho ataisikia F hiyo ikivuma kupita kiasi, na aliyesimama katikati ataona kama haipo. Wote wawili wanasema kweli! Kabla ya kugombana, badilishaneni mahali pa kusimama.

*Nilijifunzia besi kanisani, sasa nimeingia bendi ya benga hapa Bondo. Mzee anayepiga solo huniambia, "Kijana, vidole unavyo, lakini husikilizi." Nikimuuliza nisikilize nini, anacheka. Nisaidie.*

Namwelewa huyo mzee, na naelewa kicheko chake.

Kanisani umezoea kushikilia mzizi wa kodi: wimbo ukienda G, uko G, unangoja ubadilike. Kwenye benga, muziki wa gitaa wa Kijaluo, besi haina kazi ya kungoja. Ni gitaa linalosema, lina sentensi zake, na huwekwa mbele kiasi kwamba hata mtu aliye nje ya ukumbi anaweza kuuimba mstari wake. Kwa hivyo tatizo lako huenda si kwamba hupigi vya kutosha. Huenda unasema wakati mwingine anasema.

Rudi nyuma kidogo hadi kwenye nyatiti, kinubi cha Wajaluo. Nyuzi nane, zinadonolewa moja moja. Mpigaji amevaa pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu, anaigonga kwenye mbao ya ala yenyewe, na kengele za gara ziko mguuni. Mtu mmoja anaimba, anapiga, anashika mapigo. Sauti yake ikitua, nyuzi zinajibu, na nyuzi zikimaliza yeye anaendelea na hadithi. Wapiga gitaa wa Kijaluo waliohamishia mambo hayo kwenye gitaa waligawana kazi za mtu mmoja baina ya watu watatu, wanne. Wewe umepewa kipande cha yule mtu mmoja, na kipande hicho hakina maana mpaka ujue vingine viko wapi.

Anza na maneno. Ujue wimbo wote, uuimbe bila besi, mpaka ujue mwimbaji anavuta pumzi wapi. Sehemu hizo ndizo zako. Anapoimba, shusha, rudia mstari wako bila mapambo. Akitua, jibu. Sikuambii unyamaze kabisa anapoimba, maana benga ikikosa besi hata kwa kipigo kimoja wachezaji wanageuka kuangalia jukwaa.

Halafu kuna ile sehemu maneno yanapoisha, magitaa yanaachiwa uwanja na mwendo unapanda. Hapo vijana wengi hukimbia mbele ya solo. Mwendo haupandishi wewe. Muangalie mzee, kichwa chake, bega lake, mguu wake, na kiki ya dramu, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu. Wao wakipanda, panda nao.

Nyumbani tafuta rekodi za benga za D. O. Misiani na bendi yake Shirati Jazz. Sikiliza wimbo mmoja mara tatu: mara ya kwanza fuata besi peke yake toka mwanzo hadi mwisho, mara ya pili solo, mara ya tatu sauti za watu. Ukiona umepotea na kurudi kwenye besi bila kujua, anza tena.

Na hilo swali lako kwa mzee libadilishe. Mwambie, "Japuonj (mwalimu), naomba mpige wimbo huu bila mimi, nikae hapa nisikie." Hatacheka.

*Mwalimu, mimi ni dada wa Kakamega, napiga besi kwaya ya vijana. Mpiga kinanda wetu ana mkono wa kushoto mzito sana, kila noti yangu ameshaipiga. Ni mkubwa kwangu na ndiye aliyenifundisha nyimbo. Nimwambieje?*

Dada, usimwambie mbele ya kwaya, wala usimwambie "unanifunika." Alipiga peke yake miaka mingi kabla hujaja, na mkono huo ndio uliokuwa besi ya kanisa. Mtafute baada ya mazoezi, mwombe mjaribu wimbo mmoja namna mbili: kwanza kama kawaida, halafu yeye akipandisha mkono wa kushoto hadi katikati ya kinanda. Mrekodi kwa simu, msikilize pamoja. Rekodi itasema yale ambayo wewe hupaswi kuyasema.

Kabla hajakubali, na hata akikataa, simama mahali unapouona mkono huo. Akiweka B chini ya kodi ya G nawe ukang'ang'ania G, mwenye kosa masikioni mwa watu ni wewe.

*Niko Nakuru, sina spika, nina simu tu. Nikisikiliza wimbo ili nijifunze besi, naona kama imefichwa. Kuna njia?*

Spika ya simu ni ndogo mno kusukuma mitetemo 41 kwa sekunde. Unachosikia ni mitetemo ya juu inayoambatana na noti hiyo, 82, 123, 164 na kuendelea, na hata ile ya 82 hutoka kwa shida. Ubongo wako ndio unaojaza ile ya chini isiyokuwepo, kwa hivyo ukijihisi unakisia, ni kweli unakisia. Tumia visikizi vya waya vinavyoziba sikio vizuri. Usisikilize kwa sauti ya chini kabisa pia. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikishushwa, sikio hupoteza noti nzito kabla ya nyingine.

Kisha ukishapata mstari, uimbe kwa mdomo kabla ya kugusa gitaa. Koo lako halifiki huko chini, imba tu oktava ya juu, yaani noti zilezile kwa sauti nyembamba zaidi. Ukishindwa kuuimba, bado hujausikia, hata kama vidole vimeshabahatisha freti. Programu za kutenganisha besi na sauti nyingine zipo siku hizi, na zinasaidia. Mimi ningezitumia mwisho, kuhakiki, maana kwenye jemu hakuna mtu wa kukutenganishia.

*Nyuzi nne au tano? Nina pesa ya gitaa moja tu. (Busia)*

Nne. Uzi wa tano hushuka hadi mitetemo 31 hivi, na spika nyingi za harusi na za kanisani huku kwetu haziufikishi kwa watu. Pesa itakayobaki inunue nyuzi mpya.

*Wenzangu wanasema anayepiga kwa kidole kimoja hajui besi. (Mumias)*

James Jamerson alipiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, miaka ya 1960 kwa kidole cha shahada peke yake. Carol Kaye, naye mpiga besi, alitumia piki (kile kipande kidogo cha kuchapia nyuzi) studio za Los Angeles. Waulize wenzako wanamaanisha hao pia.

*Mwalimu, mimi ni mzazi Bungoma. Mwanangu na marafiki zake wanapiga besi kwa stoo ya nyumba kila wikendi, madirisha yanatetemeka. Sikatai muziki, nahofia masikio.*

Mama, hofu yako ina msingi, lakini dirisha linalotetemeka si kipimo kizuri. Noti nzito hutikisa kioo kwa urahisi. Sikio huumizwa zaidi na sauti kali za juu, hasa matoazi ya dramu na spika inayolia kwa kukwaruza, na zaidi ya yote na muda.

Kipimo kinachotumiwa sana ni hiki: desibeli (kizio cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unagawanywa kwa mbili. Kwa hiyo desibeli 94 ni saa 1, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Ziko programu za bure za simu zinazopima. Si sahihi kama kifaa cha fundi, lakini zitakuonyesha kama watoto wako kwenye 80 au kwenye 100. Kama huna, simama umbali wa mkono mmoja na kijana wako wakipiga. Ikibidi upaze sauti ndipo akusikie, ni kubwa mno. Akitoka humo masikio yakivuma, ujue siku hiyo wamepita kiasi.

Stoo yenyewe itandikwe. Magodoro ya zamani ukutani hupunguza ukali wa sauti, ingawa besi itapenya tu, hilo uwaambie majirani mapema. Wanunulie vizibo vya masikio, na uwape sharti la kupumzika nje kila baada ya nusu saa. Pengine nikuongezee hoja ya kuwashawishi, maana vijana hawaogopi uziwi wa miaka ishirini ijayo: wakipiga kwa sauti ya chini watasikiana, na wataonekana wamekua kimuziki ndani ya mwezi.

*Nimejifunza kwa video peke yangu. Wiki ijayo nimealikwa kwenye jemu ya wapiga besi Homa Bay, na tumbo linauma kwa woga. Nitaanzaje?*

Fika mapema, utuni (ulinganishe nyuzi) kabla chumba hakijajaa. Ukitunia na mwenzako, pigeni A wazi pamoja mkaiache ilie. Yako ikiwa 55 na yake 56, mtasikia sauti ikivimba na kunywea mara moja kila sekunde. Zungusha kifunguo taratibu mpaka uvimbe huo upotee. Hapo mmeshaanza kusikilizana kabla ya wimbo wowote.

Uliza kodi ni zipi, na ukisahau uliza tena. Duru ya kwanza usipige kitu, itikia kwa kichwa tu. Ya pili ingia na noti moja, ile ya kwanza ya kila duru. Video haijawahi kukungoja wala kukukimbia, watu watafanya yote mawili. Ukipotea, usitafute njia huku unapiga. Laza kiganja kwenye nyuzi zinyamaze, hesabu, ngoja duru irudi mwanzo, uingie tena hapo. Hakuna atakayekuuliza ulienda wapi.

Na beba kebo yako. Ile ya wenyeji huwa inafanya kazi ikishikwa kwa pembe moja maalumu.