Mshauri nasaha wa chuo hawaambii wazazi

Unajiuliza kama mshauri nasaha wa chuo atawaambia wazazi wako unayomweleza? Hapana, haruhusiwi kuwapigia simu bila idhini yako, wala kuyapeleka maneno yako kwa wahadhiri. Ukishatimiza miaka 18 wewe ni mtu mzima, na hapa Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Nilikuwa mshauri rika chuoni miaka miwili: daftari la vikao lilikaa kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo alikuwa nao mshauri peke yake. Hata sisi hatukuligusa.

Isipokuwa akiona uhai wako au wa mwingine uko hatarini. Hapo atamhusisha mtu wa kusaidia, na aghalabu atakwambia kwanza. Lakini polisi usiwaogope: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Nenda tu, tafadhali. Ukilemewa usiku ofisi zikiwa zimefungwa, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.