Usiseme "nipe tina" tu

Wadogo zangu mnaoanza kupiga rangi, juzi nilimwona kijana wa gereji ya jirani dukani, noti mkononi: "Nipe tina lita moja." Muuzaji hakuuliza, naye hakufafanua. Akapimiwa ya NC, yaani ya rangi ya nitroselulosi, ile inayokauka kwa kuruka tina tu. Nikamfuata mpaka uwanjani, nikakuta kwenye kopo lake klia ya 2K, ile rangi angavu ya juu ya sehemu mbili, na hadina, yaani kigumishi chake, vimeshachanganywa. Nilimdaka mkono kabla hajamimina. Moyo ulinienda mbio, maana kosa lile nalijua lilivyo.

1. Tina si kitu kimoja. Neno tumelichukua kwa Waingereza, tukaliambatisha kwenye kila kioevu kinachopunguza uzito wa rangi. Kiswahili kina kitenzi chake, kuzimua: uji ukikaza unauzimua, chai ikikolea sana unaizimua. Sasa jiulize, nazimua nini? Rangi ya maji ya ukutani inazimuliwa kwa maji. Rangi ya mafuta inataka waiti spiriti au tapentaini. NC inataka mchanganyiko mkali wa asetoni, esta, alkoholi na toluini. 2K inataka tina yake, isiyo na alkoholi wala maji. Na waiti spiriti isikuchanganye kwa jina: hiyo inatokana na mafuta ghafi, haina undugu na spiriti ya kuwashia jiko.

2. Hadina iko kwa ajili ya rangi, usiipe kazi nyingine. Hapa ndipo nilipoumia.

Nilikuwa mwaka wa pili kwa fundi wangu. Alisafiri msibani, akaniachia gari la mwalimu mmoja, limebaki klia tu. Mara ya kwanza kuaminiwa peke yangu. Asubuhi nikapiga msasa wa maji, nikafuta vumbi, nikapima klia na hadina sawasawa. Kugeuka kutafuta tina ya 2K, kopo tupu. Duka lilikuwa mbali, jua linapanda, na pembeni kuna dumu la tina ya NC limejaa. Nikanusa, nikaona harufu zinakaribiana. Nikamimina.

Rangi ilitoka kwenye bunduki laini kama maziwa. Jioni gari linang'aa, nikalizunguka mara tatu kwa furaha. Asubuhi nikagusa ukingo wa mlango, alama ya kidole ikabaki. Nikasema labda baridi ya usiku, nikalisukuma juani. Siku ya tatu ukucha bado unazama. Mwalimu akaja, akaegemea mlango huku ananisalimia, na alipoinuka, nyuzi za suruali yake zilikuwa zimechoreka kwenye klia, mstari kwa mstari. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa inakuwaje, kijana wangu?" Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata fundi aliporudi. Hadina ya 2K ina isosayaneti, nayo hushikana na resini, ile gundi ya rangi, mpaka vyote viwe ngozi moja ngumu. Tina ya NC ina alkoholi, na alkoholi nayo inashikana na hadina ile ile. Inaila. Resini inabaki bila mwenzake, na jua la mwezi mzima haliwezi kurudisha kilichokwisha kuliwa. Tulikwangua gari lote mpaka praima, ile rangi ya chini, siku nne, na klia mbichi inaziba msasa kila baada ya mikwaruzo kumi. Malipo ya kopo jipya yalikatwa kwenye posho yangu. Fundi alichukua kalamu ya wino mzito, akaandika NC kwenye dumu, pande zote mbili na kwenye kifuniko.

3. Masika mjihadhari na weupe. Dar es Salaam mwezi wa nne hewa imejaa maji. Tina ya NC inaruka haraka, inapooza uso wa rangi, na unyevu unaganda juu yake kama jasho kwenye chupa ya soda. Meza nyeusi inageuka kijivu. Tia kidogo tina ya kuchelewesha kukauka, au ngoja mvua ipite.

4. Tina ya bei ya chini mno ina sababu yake. Katika NC, asetoni na esta ndizo zinazoyeyusha. Toluini yenyewe haiyeyushi, inazimua tu, na ni nafuu zaidi. Mchanganyaji mwenye tamaa anazidisha kizimuo. Kwenye kopo hutaona kitu. Tatizo linakuja ukutani mwa kabati: viyeyusho vinaruka, kizimuo kinabaki, rangi inakatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Mimi hujaribu kwanza kwenye kipande cha ubao. Dakika kumi tu, jamani, mbona mnakuwa na haraka hivyo?

5. Usipige NC juu ya rangi ya mafuta, itakunjamana.

6. Uwiano umeandikwa kwenye kopo. Usomeni.

7. Msioshe mikono kwa tina. Na kwa 2K vaeni barakoa yenye chujio la kemikali, si kitambaa. Ile isosayaneti inaleta pumu, na ukishaipata, hata harufu ndogo ya hadina inakubana kifua. Fundi wangu aliacha kazi hii kwa sababu hiyo. Siku hizi nikimtembelea navua ovaroli nje, naoga, ndipo naingia kumwamkia.