Kabla hujapima sakafu, pima maji: mashine ya kufulia kwenye nyumba ya kupanga

Mashine yangu ya kwanza ya kufulia niliipima kwa futikamba mara tatu kabla sijatoa hela. Upana sentimita 60, kimo 85, kina 45 tu, zile nyembamba za mlango wa mbele. Mlango wa bafu letu hapa Tabata una sentimita 68. Nikaona kazi imeisha. Ilikuwa mtumba lakini imetunzwa, na jioni hiyohiyo bajaji ya mizigo ikaishusha getini.

Wiki nzima haikufua hata soksi.

Tunakaa nyumba ya kupanga: chumba, sebule, jiko dogo na choo cha ndani. Wapangaji wanne tunatumia simtank moja lililokalia stendi ya matofali, mita mbili na nusu hivi juu ya bomba langu. Mashine inaanza kujaza, inasubiri, inasimama, inaandika herufi za kosa kwenye kioo. Fundi wa kwanza akabadilisha valvu, hela ikaenda, kosa likabaki palepale. Wa pili hakufungua hata skrubu moja. Aliweka ndoo ya lita 20 chini ya bomba la bafuni, akatoa simu, akatazama saa. Dakika sita. "Dada, mashine yako nzima. Maji yako ndiyo yanatambaa."

Akanionyesha kwenye kijitabu cha mashine mstari ambao sikuwahi kuusoma: presha ya maji, kuanzia 0.05 MPa. Kwa lugha ya simtank, hiyo ni mita 5 za kimo, kutoka usawa wa maji ndani ya tenki hadi pale mpira unapoingia kwenye mashine. Mimi nilikuwa na nusu yake. Mashine nyingi za otomatiki zikiona maji hayajafika kiwango ndani ya dakika kadhaa, zinakata tamaa. Na usidhani ghorofani umepona: anayekaa ghorofa ya juu kabisa, chini tu ya tenki, ndiye mwenye presha ndogo kuliko wote kwenye jengo, labda kama wameweka pampu.

Kwa kiburi changu nikanunua pampu ndogo. Maji yakaingia kwa kasi, yakatoka kwa kasi ileile. Mpira wa kutolea maji tulikuwa tumeulaza sakafuni kuelekea tundu la bafu, na mashine ya mlango wa mbele haitaki hivyo. Mpira wake lazima upande juu, kati ya sentimita 60 na mita moja, ndipo ushuke, la sivyo maji yanajinyonya yenyewe na mashine inajaza ndoo isiyo na kitako. Zile otomatiki za kufungulia juu nyingi ni kinyume chake: hazina pampu, maji yanashuka yenyewe, kwa hiyo mpira wake ulale chini. Nilifunga wangu kwa kamba kwenye bomba la sinki, tukafua vizuri kama mwezi hivi.

Kisha ikaja ile wiki ya mgao. Simtank tupu, maji yako kwenye madumu, na mashine ya otomatiki haijui dumu ni nini. Nilijaribu kumimina kwa jagi kupitia droo ya sabuni. Jagi baada ya jagi, nimechuchumaa, huku nguo za mtoto zinanisubiri. Siku hiyo nilipiga picha mashine nikaitangaza.

Sasa nina ile ya matangi mawili, madukani wanaiita manual. Najua wengi mnaiona ya kizamani. Kwenye futikamba nayo inaonekana kubwa zaidi, maana ya kilo 7 ina upana wa karibu sentimita 80. Lakini ni plastiki tupu. Ile ya kwanza ilikuwa na zege ndani la kuituliza isirukeruke, uzito wake unapita kilo 50, ukishaipanga umeipanga. Hii naisukuma peke yangu. Siku za kazi inakaa nyuma ya mlango wa sebule, imefunikwa kanga, juu yake kuna redio na funguo. Jumamosi inaingia bafuni. Kwangu hiyo ndiyo maana ya kuokoa nafasi: chombo kinachokubali kuhama.

Na maji yake unayatawala wewe. Namimina ndoo nne, naweka sabuni, zinaingia nyeupe kwanza: shuka, sare za shule, fulana. Zikitoka, povu lilelile linapokea nguo za rangi, halafu jinzi na matambara ya jikoni yanamalizia maji yakiwa kama chai ya maziwa. Ya kusuuzia nayakinga kwenye beseni, ya choo siku mbili. Otomatiki ya mlango wa mbele hutumia maji kidogo kwa mzunguko mmoja, lita 50 hivi, hilo nalikubali, ila kila mzunguko inayamwaga yote. Ukifua mafungu matatu kwa siku, piga hesabu.

Tangi la pili, la kukamulia, lina ufundi wake. Nguo zipange duara ukizigandamiza chini, uweke kile kisahani cha plastiki juu, ndipo ufunge. Ukitupia jinzi moja upande mmoja litapiga ngoma hadi jirani aje kuuliza. Likikaa sawa unasikia mlio mwembamba, na dakika tatu baadaye shuka inatoka na unyevu wa nguo iliyopigwa pasi vibaya. Masika, kati ya Machi na Mei, hapo ndipo ninapoona hela yangu ilikokwenda, maana nguo hukaukia chini ya feni usiku mmoja bila kunuka.

Hizi mashine za kufua na kukausha kwa pamoja niziseme kwa ufupi: ya kufua kilo 8 mara nyingi inakausha 5 tu, kwa saa kadhaa, na uniti za umeme wa LUKU zinashuka ukiziangalia. Kwa jua la Dar sioni sababu. Vile vimashine vya plastiki vya kukunjwa kama ndoo ni vya soksi na nguo za kichanga. Kama una maji yenye nguvu na kona ya kudumu, nunua ya mlango wa mbele, lakini acha kama sentimita 10 nyuma kwa mipira, hesabu na nafasi ya mlango kufunguka mbele, na hakikisha fundi ametoa zile bolti ndefu za usafirishaji nyuma kabla ya kuwasha. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono usiweke humo, povu litakutokea mlangoni. Ya kufungulia juu kumbuka mfuniko unapanda, kwa hiyo chini ya rafu haikai.

Kilo zinazoandikwa ni za nguo kavu. Jinzi moja ya mtu mzima inakaribia gramu 700, kwa hiyo sisi watatu kilo 7 inatutosha. Blanketi nampelekea dobi.

Umeme: bafuni kwangu hakuna soketi, na bora. Natoa waya kwenye soketi ya sebuleni yenye ethi, ekstensheni inabaki nje ya kizingiti, plagi siishiki na mikono yenye maji, na mtoto haruhusiwi kusogea.

Stendi ya kuanikia nilinunua ya kukunja. Ikifungwa haizidi unene wa kitabu cha simu cha zamani, inajificha nyuma ya mashine, pamoja na ufagio.