Ahirisha safari ya Masaka: kibali cha utafiti hakirudi nyuma

Ahirisha mahojiano ya Jumatatu. Umeandika kwamba umeanza shahada ya uzamivu katika sayansi ya siasa, ukauliza njia ya kuufikia uprofesa, masomo ya kufundisha kwanza, na kama mtu wa kazi hii hubakiwa na muda wa mambo yake. Kisha, kana kwamba ni jambo dogo, umetaja kuwa wiki ijayo unakwenda Masaka, hapa Uganda, kuwahoji madiwani, kwa sababu mhadhiri mmoja amekuhakikishia kwamba barua ya idara inatosha na kibali kitafuata. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2017, nami nimeyalipia miaka minne.

Nilikuwa nawachunguza wenyeviti wa LC1, yaani baraza la serikali za mitaa la ngazi ya kijiji, waliochaguliwa mwaka 2001 na ambao hadi wakati huo hawakuwa wamerudi tena mbele ya wapiga kura. Nilitaka kujua mtu ambaye muda wake umekwisha zamani hupata wapi mamlaka ya kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba, na kwa nini majirani wanaendelea kumtii. Kwa miezi saba nilizunguka vijiji vya Luweero na Mubende kwa boda boda, nikawahoji wenyeviti 43. Mmoja alitoa muhuri wake kwenye leso iliyofungwa mafundo mawili, akautemea mate kidogo kwa kuwa pedi ya wino ilikuwa imekauka, akaipiga fomu yangu ya ridhaa bila kuombwa, halafu akasema sentensi moja ambayo ingetosha kuwa sura nzima ya tasnifu. Ningekunukulia, lakini, kama unavyoona, sina kibali.

Mapema mwaka 2018 nilipeleka pendekezo langu kwenye kamati ya maadili ya utafiti, nikaulizwa tarehe ya mahojiano ya kwanza. Nilisema ukweli, nikitumaini kwamba uaminifu utanipunguzia adhabu. Hawakuniadhibu, walinieleza tu kwamba kamati huidhinisha kazi itakayofanywa, wala haina namna ya kuidhinisha iliyokwisha kufanywa, na kwamba fomu za ridhaa zilipaswa kuwa na muhuri wake kabla hazijamfikia mtu yeyote. Mkobani nilikuwa na mihuri ya wenyeviti kutoka pembe zote za wilaya mbili, nikaukosa huo mmoja.

Nikaona basi nitarudia. Idhini ya kamati ilipotoka, na usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia ulipokamilika, ilikuwa Agosti. Tarehe 10 Julai wananchi walikuwa wamekwisha kupanga foleni nyuma ya wagombea wao, na mwenyekiti asiyechaguliwa tangu 2001 hakuwepo tena mahali pa kumtafuta. Yule wa leso alishindwa. Data nyingine hukusanywa upya kwa fedha na subira. Yangu ilihusu hali iliyokwisha, na ilinibidi nianze mada mpya nikiwa bado mhadhiri msaidizi, huku niliowafundisha wakinipita.

Aliyenishauri, nilipomrudia, alisema kwa utulivu kwamba alikuwa na maana ya mahojiano ya majaribio. Majaribio ya miezi saba! Angalau angesema hajui, maana hakuna aibu kutojua utaratibu uliobadilika tangu ujana wako. Hadi leo tunapokutana ukumbini huniuliza tasnifu yangu ilihusu nini hasa.

Huyo mhadhiri wako pia huenda akakutajia Ali Mazrui, msomi mashuhuri wa siasa kutoka Kenya, aliyekuwa tayari anafundisha Chuo Kikuu cha Makerere alipopata uzamivu wake wa Oxford mwaka 1966, kama ushahidi kwamba watu wakubwa hawakungoja makaratasi. Mkumbushe kwamba Baraza la Sayansi na Teknolojia lilianzishwa mwaka 1990.

Kwa hiyo kamati kwanza, kisha Baraza, kisha barua kwa RDC, yaani mwakilishi wa rais, wa wilaya unayoingia, na tarehe ya mahojiano ya kwanza iwe baada ya tarehe zote hizo, hata kama ni kwa siku moja. Kuhusu masomo, kubali siasa linganishi ukipewa. Kuhusu muda, mimi hucheza omweso, bao la Kiganda, kila Jumamosi, mashimo 32 na kete 64, na fundi baiskeli wa mtaani kwetu hunifunga bila huruma. Mchezo huo hauhitaji kibali, ndiyo maana nimeudumisha.

Wapigie simu madiwani leo, uwaombe radhi na uwaambie utawajulisha siku nyingine, wala usiwaulize swali hata moja la utafiti mkiwa kwenye simu. Kama umekwisha kumhoji yeyote, mwambie msimamizi wako kwa maandishi kabla ya kamati kuuliza.