Vali ya kinu cha nyuklia: usiiamini taa peke yake

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mradi wako uhangaike na vihisi vya sauti wakati chumba cha uendeshaji tayari kina taa ya kuonyesha kama vali imefunga. Soma kwanza yaliyotokea kwenye kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, Machi 28, 1979. Vali ya kupunguza shinikizo ilikwama wazi, lakini taa ilizimika, kwa sababu ilifuata umeme wa kuiamuru vali ifunguke, ambao ulikuwa umekatwa, si vali yenyewe. Maji ya kupoza kinu yalipotea kwa zaidi ya saa mbili, na karibu nusu ya kiini, yaani sehemu yenye fueli ya nyuklia, ikayeyuka. Baadaye vinu vya Marekani vilitakiwa kuwa na ishara ya moja kwa moja ya hali ya vali hizo, na vingi vikachagua kusikiliza mlio wa mvuke unaopita kwenye vali.

Kihisi kifunge kwenye bomba la kutolea mvuke, karibu na vali. Mvuke ukipita kwa kasi bomba hutetemeka, na fuwele iliyo ndani ya kihisi hugeuza mtetemo huo kuwa chaji ndogo ya umeme. Fuwele huvumilia joto kali; saketi za kukuza ishara haziwezi, ziweke mbali.

Kazi yenyewe iko hapa: vali zikiwa jirani, mlio wa moja husafiri kwenye chuma na kuwasha kengele ya nyingine. Rekodi kwanza mlio wa kila kihisi vali zote zikiwa zimefunga, halafu kengele zikilia linganisha nguvu ya milio ya vihisi. Na tafadhali usidai sauti pekee itakupa kiasi cha mvuke kinachopita. Soma pia joto la bomba na shinikizo la tangi linalopokea mvuke.