Kabla ya Foklifti za Haidrojeni, Hesabu Shifti Zako

Mdogo wangu anasimamia ghala Mombasa lenye foklifti, yaani mashine za kunyanyulia mizigo kwa uma za chuma. Juzi alinipigia: "Kaka, hizo foklifti za haidrojeni mnazoendesha huko Marekani, na sisi tuzilete?" Tuliongea hadi salio likaisha, nikaona niwaandikie na wengine.

Nina miaka tisa kwenye maghala ya Ohio. Minne ya mwanzo niliendesha mashine za betri za asidi. Betri moja huzidi tani, huchajiwa kwa saa nane, kisha huachwa saa nane nyingine ipoe. Ghala lisilolala linahitaji karibu betri tatu kwa kila mashine. Ikifika saa tisa usiku uma zinapanda kwa kujikokota, nasi tumepanga foleni kwenye chumba cha betri huku malori yakisubiri mlangoni. Nina kovu la asidi kwenye kiganja tangu siku hizo.

Ghala nililohamia linatumia haidrojeni, gesi inayoingia kwenye seli, kifaa ndani ya mashine kinachoigeuza kuwa umeme. Unaegesha kando ya pampu, unachomeka mpira, unasikia gesi ikivuma, na kabla ya dakika tano umeondoka. Nguvu haipungui hadi tangi likaribie kuisha, hata ndani ya chumba cha barafu ambako betri za asidi huchoka upesi. Kinachotoka ni maji na joto tu. Kwa dereva, sijaona kitu bora zaidi.

Lakini anayelipa bili si dereva. Haidrojeni yetu huja na lori ikiwa kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Hapo nje kuna tangi kubwa na mitambo ya kuigeuza gesi na kuigandamiza hadi bar 350, karibu mara 350 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Gharama hiyo ni ileile karibu, uwe na mashine kumi au mia tatu. Ukiamua kuizalisha mwenyewe kwa umeme, kilo moja inakula zaidi ya uniti 50, na hadi seli iigeuze tena kuwa umeme, theluthi mbili hivi za umeme wa mwanzo zimepotea njiani. Betri ya lithiamu inapoteza kidogo sana, na unaichaji wakati wa chai bila kuitoa kwenye mashine.

Muuzaji pia mwangalie. Plug Power, kampuni ya Marekani ya haidrojeni inayozihudumia Walmart na Amazon, ilitangaza Novemba 2023 kwamba kuna shaka kama itaweza kuendelea na biashara. Ikiwa kampuni kubwa hivyo iliyumba, uliza nani atakuletea gesi na vipuri mwaka wa tano.

Naamini haidrojeni itabaki kwenye maghala makubwa yenye mamia ya mashine, shifti tatu na vyumba vya baridi. Kwingine lithiamu itaiondoa.

Nikamuuliza mdogo wangu ana mashine ngapi. Kumi na mbili, shifti moja, mara chache mbili. Nikamwambia anunue lithiamu, na pesa itakayobaki azibe mashimo ya sakafu, maana hayo ndiyo yanayovunja magurudumu na migongo ya madereva wake kila siku.